Iago, Richard au Tartuffe: Uchague Mwovu Yupi Ukitaka Kuonyesha Ulimi Unavyodanganya

Kikundi cha maigizo kinachotafuta mchezo wa msimu, mwalimu wa fasihi anayeandaa somo la wahusika, mwanafunzi anayesaka mada ya tasnifu: wote hawa wakitaka mhusika mwovu ambaye silaha yake ni maneno, majina matatu hayakosi kutajwa. Kuna Iago wa *Othello* na Richard wa *Richard III*, tamthilia mbili za William Shakespeare. Kuna pia Tartuffe, katika tamthilia ya Mfaransa Molière yenye jina hilohilo. Watu hukwama kwa sababu wanawapima kwa swali lisilowasaidia: nani mbaya zaidi? Kwa kipimo hicho Richard anaongoza kwa wingi wa makaburi, Tartuffe hana hata kaburi moja, na mjadala unafia hapo bila mtu kujua achukue kitabu kipi.

Swali lenye faida ni jingine. Uongo ni kazi, na kazi haifanyiki bila mtu wa kuifanya. Katika *Othello*, sehemu kubwa ya kazi hiyo anaifanya anayedanganywa mwenyewe. Katika *Richard III* anaifanya mlaghai, kwa jasho lake, mbele ya macho yetu. Katika *Tartuffe* ilikwishafanywa zamani na jamii, ambayo imeyapa maneno fulani heshima kubwa hata anayeyatamka haulizwi kitu. Ukishajua ni kazi ipi kati ya hizi unataka watu waione, umefika karibu na jibu.

Vigezo nilivyotumia

Nimewapima wote watatu kwa mambo manne: uongo wao unavyofanya kazi, hadhira inajua nini, na inajua lini, ulimi wao unakwama wapi na kwa nani, na mzigo wa kuwapeleka jukwaani au darasani. Kisha nasema kila mmoja anamfaa nani.

Sababu za uovu wao sikuzifanya kigezo. Wahakiki wanabishana tangu enzi za Coleridge, mshairi na mhakiki wa Kiingereza, kuhusu kwa nini Iago anafanya anayoyafanya, na ubishi huo ni mtamu, lakini kwa anayechunguza lugha unaweza kungoja.

## Iago

Uongo wake unavyofanya kazi. Chukua penseli, fungua Tendo la Tatu, Onyesho la Tatu, upige mstari chini ya kila uongo wa waziwazi. Utafika mbali kabla ya kupata wa kutosha. Othello ni jemadari mweusi wa Venisi, na Iago, askari wake, anataka aamini kwamba mkewe Desdemona anazini na Cassio, luteni wake. Cassio anaondoka Othello anapokaribia, na Iago anaguna kwamba hilo hakulipenda. Othello anauliza amesema nini. Si kitu, bwana, au labda... sijui. Kisha linakuja swali dogo: hivi Cassio alijua habari za uchumba wenu? Othello anajibu kwamba alijua, tena ndiye aliyekuwa akipeleka salamu. "Ndiyo?" anasema Iago, na ananyamaza. Othello anapouliza kama Cassio si mwaminifu, anarudishiwa neno lake: mwaminifu, bwana? Anapouliza mwenzake anafikiri nini, anajibiwa: nafikiri, bwana?

Othello mwenyewe analiona jambo hili. Analalamika kwamba huyu mtu anamrudishia mwangwi, kana kwamba fikra zake zimeficha dubwana la kutisha mno kuonyeshwa. Dubwana lenyewe halipo. Othello ndiye atakayeliumba, kwa hofu alizo nazo tayari: rangi yake, umri wake, ugeni wake katika mambo ya Venisi. Na kwa kuwa ameliumba mwenyewe, hawezi tena kulitilia shaka. Uongo mtupu, yaani ndoto ya Cassio na kisa cha leso ya Desdemona, unakuja baadaye, wakati msikilizaji ameshaanza kuudai.

Jambo la pili ni kwamba Iago hana lugha moja. Brabantio, babake Desdemona, anaamshwa usiku kwa makelele na picha chafu za kondoo dume mweusi na kondoo jike mweupe. Roderigo, kijana mwenye pesa na asiye na akili, anaimbiwa takriri ya kutia fedha mfukoni, tena na tena, mpaka wimbo unageuka mpango. Cassio aliyefukuzwa kazi kwa ulevi anafarijiwa kwamba sifa njema ni kitu cha bure, mtu huipata bila kustahili na huipoteza bila kosa. Muda si mrefu Othello naye anaambiwa kwamba jina jema ndilo johari ya roho, na mwizi wa mfuko wa pesa ameiba takataka tu. Kauli mbili zinazopingana, kinywa kimoja, na kila moja ungeweza kuiandika ukutani kama hekima. Kwangu mimi hapa ndipo Iago anapotisha, kuliko hata penye leso.

Hadhira inajua nini. Inajua kila kitu, tangu onyesho la kwanza, Iago anaposema kwamba yeye siye alivyo. Baada ya hapo tunakaa tukisikia watu wenye akili zao wakimwita mwaminifu, mara baada ya mara. Kinaya hicho ndicho injini ya mchezo. Isitoshe, katika mazungumzo yake ya peke yake Iago anatufanya wasiri wake, na sisi hatuna njia ya kumwonya mtu.

Ulimi unapokwama. Kwa mkewe. Emilia ndiye aliyeiokota leso na kumpa, hivyo anaujua ukweli bila kuhitaji ushahidi. Hamshindi mumewe kwa hoja. Anaamriwa anyamaze na arudi nyumbani, anakataa, basi. Iago anamchoma kisu, na aliyepewa mistari mingi kuliko Othello mwenyewe anaapa kwamba tangu sasa hatatamka neno.

Jukwaani na darasani. Tamthilia hii iliandikwa kati ya 1603 na 1604, na iliigizwa katika jumba la kifalme London tarehe 1 Novemba 1604. Wahusika wa kuubeba mzigo hawazidi sita, na onyesho kuu linahitaji watu wawili na mahali pa kusimama. Ugumu uko kwingine. Mwigizaji wa Iago akianza kukunja uso na kucheka kishetani, Othello anaonekana mjinga na mchezo unakufa. Iago lazima apendeke. Matusi ya rangi nayo yanahitaji maandalizi na wanafunzi kabla ya kusomwa kwa sauti. Kuyafuta si dawa, kwa sababu ubaguzi wa Venisi ndio msumari ambao Iago anautundikia uongo wake.

Anamfaa nani. Anayetaka kuchambua lugha kwa karibu sana: swali, kituo, mwangwi, sentensi iliyoachwa njiani. Anakifaa pia kikundi chenye waigizaji wawili hodari na wengine wa kawaida. Na kwa somo la umbea na fitina, wanafunzi hawatahitaji mfano mwingine.

## Richard

Uongo wake unavyofanya kazi. Richard, Mtawala wa Gloucester, anaingia peke yake na kutangaza kwamba, kwa kuwa siku hizi za amani hazimfai mtu wa umbo lake, ameamua kuwa mwovu. Kisha anatueleza mtego wa kwanza. Umeenezwa unabii kwamba mtu ambaye jina lake linaanza na herufi G atawaua warithi wa Mfalme Edward. George, Mtawala wa Clarence, kaka wa Richard na wa Edward, anatupwa gerezani kwa herufi hiyo. Hakuna anayekumbuka kwamba Gloucester nayo inaanza na G. Unabii wenyewe ni wa kweli, ila kidole kimeelekezwa kwingine.

Onyesho linalofuata ndilo wengi hulikumbuka. Lady Anne anaisindikiza maiti ya Mfalme Henry VI, baba mkwe wake. Richard ndiye aliyemuua mfalme huyo, na amemuua pia mume wa Anne. Anamzuia njiani na kumposa. Kila laana anayorushiwa anaidaka, anaigeuza na kuirudisha, mstari kwa mstari, mpaka kosa la mauaji linaangukia uzuri wa mjane mwenyewe. Mwisho anampa upanga, anafungua kifua, anamwambia achome. Anne anashindwa. Akishaondoka, Richard anatugeukia akicheka: yupo mwanamke aliyewahi kuposwa akiwa katika hali kama hii? Hapa hakuna mwangwi wala kunyamaza. Hapa kuna ufundi wa wazi, na anataka tuupigie makofi.

Anapenda pia maneno yenye pande mbili. Mtoto wa marehemu kaka yake, mrithi wa kiti, anaongea kwa busara, na Richard ananong'ona kwamba wenye hekima hivi katika umri mdogo hawaishi sana. "Unasemaje, baba mdogo?" anauliza mtoto. Anajibiwa kwa sentensi inayofanana kwa mlio, juu ya sifa kuishi sana hata bila maandishi. Kisha Richard anajilinganisha mbele yetu na mhusika Uovu wa michezo ya kale, atoaye maana mbili katika neno moja.

Hadhira inajua nini. Inajua mapema kuliko katika mchezo wowote kati ya hii mitatu, na inacheka. Hilo ndilo tatizo lililokusudiwa. Tunacheka mpaka watoto wanapouawa, halafu kicheko chetu kinatudai.

Ulimi unapokwama. Hapa *Richard III* ina kitu ambacho wenzake hawana, na mara nyingi hukatwa ili kufupisha mchezo. Baada ya Hastings, bwana mkubwa aliyekataa kumuunga Richard mkono, kukatwa kichwa, anaingia mwandishi wa serikali, mtu asiye na jina, ameshika hati ya mashtaka. Anasema kuinakili kumemchukua saa 11, na rasimu yenyewe ilichukua muda kama huo, ilhali saa 5 zilizopita Hastings alikuwa hai, huru, bila tuhuma. Ni nani mjinga asiyeuona ujanja huu? anauliza. Na ni nani atakayethubutu kusema ameuona? Mara tu baada yake Buckingham, mshirika wa Richard, anarudi na habari kwamba amewahutubia raia wa London wamtake Richard awe mfalme, nao wakabaki kimya kama mawe yanayopumua. Richard anatokea hata hivyo katikati ya maaskofu wawili, ameshika kitabu cha sala, anaikataa taji mpaka aombwe. Wachache waliopo wanaamini. Wengi wanaogopa tu, na lugha inafanya kazi kwa sababu nyuma yake kuna shoka.

Malkia Elizabeth, mjane wa Edward, ndiye anayemrudishia mchezo wake. Richard anamwomba binti yake kwa ufundi uleule aliotumia kwa Anne. Elizabeth anajibu mstari kwa mstari, na anaondoka akimwacha Richard aamini ameshinda. Binti anakwenda kwa Richmond, adui wa Richard.

Jukwaani na darasani. Ni tamthilia ndefu, ya pili kwa Shakespeare baada ya *Hamlet*, yenye makumi ya wahusika na koo za kifalme ambazo lazima zielezwe kwanza kwa mchoro wa ukoo. Hata hivyo hotuba ya kwanza na onyesho la Anne vinasimama peke yake vizuri. Tahadhari moja: Richard wa historia si huyu. Aliuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, na tamthilia iliandikwa chini ya ukoo wa Tudor, warithi wa aliyemshinda. Mifupa yake ilipatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli, lakini mkono ulionyauka wa kwenye tamthilia haukuwepo. Mwalimu asiuache mwili wenye ulemavu usomwe kama dalili ya roho mbaya, kwa kuwa Richard mwenyewe anautumia mwili huo kama kisingizio.

Anamfaa nani. Mwigizaji wa peke yake anayetaka kuiteka hadhira kwa dakika chache, na darasa linalojadili propaganda, hotuba za kisiasa na ukimya wa raia.

## Tartuffe

Uongo wake unavyofanya kazi. Haonekani mpaka Tendo la Tatu, Onyesho la Pili. Kwa matendo mawili mazima wengine wanamzungumza, na hilo tayari ni somo. Orgon, mwenye nyumba aliyemkaribisha Tartuffe akimdhani mcha Mungu, anarudi kutoka safarini na kumuuliza mtumishi Dorine habari za nyumbani. Mkeo alikuwa na homa, anaambiwa. "Na Tartuffe?" Tartuffe ni mzima, amenona, mdomo mwekundu. "Maskini!" Mkeo hakulala usiku kucha. "Na Tartuffe?" Alilala fofofo mpaka asubuhi. "Maskini!" Inarudiwa mara nne. Ukumbi unavunjika mbavu, lakini ukitazama vizuri mlaghai hayupo hata chumbani.

Anapoingia hatimaye, anamwona Dorine na papo hapo anampaazia sauti mtumishi wake aweke vizuri shati la kujitesa na mjeledi wa toba. Maneno yanaelekezwa kwa mmoja ili yasikiwe na mwingine. Kisha anamtupia Dorine leso ajifunike kifua. (Leso tena! Ila hapa inachekesha.)

Lakini ushindi wake mkubwa anaupata kwa kusema kweli. Damis, mwana wa Orgon, amemsikia akimtongoza Elmire, mke wa Orgon, na anamshtaki mbele ya baba. Tartuffe hakani. Ndiyo, ndugu yangu, anasema, mimi ni mwovu, mwenye hatia, mdhambi aliyejaa uchafu. Hakuna neno la uongo hapo. Orgon anasikia unyenyekevu wa mtakatifu, anamfukuza mwanawe na kumwandikia Tartuffe mali yake yote. Iago na Richard, kwa werevu wao wote, hawajawahi kulaghai kwa ungamo kamili.

Hadhira inajua nini. Inajua kutoka kwa wengine. Tartuffe hazungumzi peke yake hata mara moja na hatufanyi wasiri. Hatumwoni akivua kinyago mbele yetu, kwa hiyo tunabaki kama watu wa nyumba ile: tunampima kwa masikio.

Ulimi unapokwama. Chini ya meza. Elmire anamficha mumewe hapo na kumwacha Tartuffe aongee. Anaongea: kosa, anasema, ni kashfa tu, na dhambi ya kimyakimya si dhambi. Elmire anakohoa kumpa mumewe ishara, mumewe hatoki. Anatoka baada ya kusikia akisemwa kuwa ni mtu wa kuvutwa kwa pua. Mke wake kutongozwa hakukumtosha! Tartuffe anapofukuzwa, lugha ya sala inakwisha na ya hati inaanza: nyumba ni yangu, tokeni nyinyi. Inabidi afisa wa mfalme amkamate. Mwisho huo umebandikwa kwa juu, lakini unaonyesha kwamba familia yenyewe haikuwa na dawa.

Jukwaani na darasani. Nyumba moja mjini Paris, wahusika kama kumi na wawili, wanawake wenye sehemu nzito. Kwa kikundi kidogo hii ndiyo nafuu kuliko zote. Asili yake ni mashairi ya Kifaransa yenye vina, na tamthilia ilitafsiriwa kwa Kiswahili miaka ya 1970 kwa jina *Mnafiki*. Ilioneshwa kwanza Versailles tarehe 12 Mei 1664 ikapigwa marufuku, ikajaribiwa tena 1667 ikazuiwa, na ikaruhusiwa tarehe 5 Februari 1669. Ukipanga waigizaji, kumbuka kwamba Molière alijipa nafasi ya Orgon. Mwigizaji wako bora pengine anastahili kuwa anayedanganywa. Na kwa heshima ya hadhira yenye dini, usimvishe Tartuffe joho la padri wala kilemba cha shehe: kwa Molière ni mtu wa kawaida aliyejivika uchaji, na kejeli ni ya unafiki, si ya imani.

Anamfaa nani. Kikundi kinachotaka watu wacheke, na mjadala juu ya matapeli wanaojificha nyuma ya maneno matakatifu, na juu ya wale wanaowatetea.

## Kwa hali yako

Ukiwa mwanafunzi wa lugha na unataka mistari mia chache tu ya kuchambua kwa kina, chukua Iago. Hakuna mwingine anayefanya mengi kwa maneno machache hivyo, na tasnifu yako haitahitaji kumaliza mchezo mzima.

Ukiwa peke yako mbele ya majaji, chukua hotuba ya kwanza ya Richard. Mkiwa wawili, mwanamke na mwanamume, onyesho la Anne litawapima nyote sawasawa, mradi Anne asiwe wa kulia tu.

Darasa la kidato lenye vijana thelathini litachoka na koo hizo za kifalme, York na Lancaster. Wape *Tartuffe*, wagawane wahusika, muanze na "Na Tartuffe?" Wakubwa zaidi, hasa wanaosoma siasa au uandishi wa habari, wanahitaji yule mwandishi wa hati na wale raia waliokaa kimya, hata kama sehemu nyingine yote ya *Richard III* mtaipitia kwa muhtasari.

Ikiwa sharti lenu ni Kiswahili na *Mnafiki* haipatikani, liko chaguo la pembeni. Julius Nyerere alitafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare, ikachapishwa 1963, na humo mna hotuba ya Antony kwenye msiba wa Caesar, anayemsifu Brutus, mmoja wa wauaji, kwa uungwana hadi sifa inageuka shutuma. Kumwita Antony mwovu ni mzozo wa kujitegemea, lakini mbinu ni ya ukoo uleule, na sentensi mtazikuta tayari zina mwendo wa Kiswahili.

Mkiamua kutafsiri wenyewe, matini asilia za Shakespeare na Molière hazina tena hakimiliki. Tafsiri na matoleo ya kisasa yanaweza kuwa nayo, kwa hiyo fanyeni kazi kutoka asilia au ombeni ruhusa kabla ya kuuza tiketi.